Ungeniuliza kwanza

Kuna barua moja niliyoiandika wakati wa mafunzo yangu ya umisionari nje ya nchi ambayo kila nikiisoma moyo hunishuka. Kila tukio lililomo lilitokea kweli. Hata hivyo, mwanamke niliyemwandika mle hakuwa yule niliyekuwa nikiishi naye nyumba moja. Naamini vijana wengi tunaopitia mafunzo haya tumeandika barua ya namna ile, tukapongezwa, na asitokee wa kutushika mkono na kutuambia, hebu ngoja.

Kwa asiyejua mambo haya yanavyokwenda, nieleze kidogo. Kijana anayejitolea kwa umisionari kwa kawaida hana mshahara. Akishapata nafasi ya mafunzo, huwatafuta watu wa kumtegemeza: kanisa lake, ndugu zake, rafiki, pengine mwalimu wake wa shule ya Jumapili. Wao hutoa, yeye huenda. Mafunzo yangu yalikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa wiki 12 za darasani, tukisoma Biblia, maombi, tamaduni za watu na namna ya kushuhudia. Ya pili ilikuwa wiki 8 za huduma uwandani, katika nchi nyingine tena ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga. Na muda wote huo, kila mwezi, unawaandikia waliokutuma. Barua hiyo huitwa barua ya maombi. Mimi nilikuwa na miaka 21 na watu 14 wa kuwaandikia.

Wiki za darasani zilinijenga, na nitalisema hilo popote. Nililala chumba kimoja na vijana watatu, kila mmoja na taifa lake, kila mmoja na saa yake ya kulala na namna yake ya kununa. Tuliosha vyoo kwa zamu. Nilijifunza kuomba msamaha kwa lugha ambayo si yangu, na kama kuna kitu kinachomvua mtu majivuno, ni kulitafuta neno la kumwomba mwenzako radhi na kulikosa, huku yeye amesimama anakungoja. Ibada za alfajiri nazitamani hadi leo.

Lakini darasani pia ndimo nilimojifunza kusimulia. Tulifundishwa kutoa ushuhuda wa dakika 3. Mkufunzi alikaa mbele na saa mkononi: ulikuwa nani, nini kikatokea, sasa u nani. Ukizidisha, anainua kidole. Zoezi lile lina faida yake, maana mtu aliyesimama na wewe kituoni hana nusu saa ya kukusikiliza. Ila bila mtu yeyote kukusudia, linakuzoesha kuamini kwamba kila maisha yana kabla na baada, na kwamba katikati lazima pawe na tukio linaloonekana kwa macho. Unapokwenda uwandani unalitafuta tukio hilo. Usipoliona, unahangaika.

Halafu likaja somo la kuandika barua. Lilichukua alasiri moja tu. Anza na mtu mmoja, tukaambiwa. Taja shida yake. Sema mlichofanya. Onyesha alivyobadilika. Mwishoni taja kiasi kilichobaki cha gharama za safari. Watu hutoa wakiona uso wa mtu, hawatoi kwa kusoma hesabu. Niliyaandika yote kwenye daftari, na nikapigia mstari ile sentensi ya mwisho.

Uwandani tulipokelewa na mjane. Sitamtaja jina, nitamwita Mama, maana ndivyo sote wanne wa kikundi chetu tulivyomwita. Alituachia chumba chake na kuhamia chumba cha mwanawe, kijana wa sekondari ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Mama alimjua Bwana tangu kabla sijazaliwa. Aliamka kabla yetu, na kupitia ukutani tulimsikia akituombea mmoja mmoja kwa majina, akiyatamka kwa taabu. Juma la pili niliposhikwa na homa, ndiye aliyekesha kando yangu na kitambaa cha maji.

Jioni moja tuliomba pamoja sebuleni. Tulipofika katikati ya maombi Mama akaanza kulia, kwanza kimyakimya, kisha kwa sauti. Tulimwekea mikono tukaendelea kumwombea. Baadaye akajipangusa uso, akatabasamu, akatushukuru. Usiku ule ule, nikiwa bado nimejaa yale niliyoyaona, nikaandika barua. Niliandika juu ya mjane aliyekuwa amekata tamaa, jinsi tulivyoingia nyumbani mwake na neno la faraja, jinsi machozi yake yalivyokuwa mwanzo wa tumaini jipya. Niliweka picha yake, akiwa ameinamisha kichwa, picha aliyoipiga mwenzangu. Mwishoni nikataja kiasi kilichobaki. Ndani ya juma moja kilitimia. Watu watatu waliniandikia kwamba walilia walipoisoma.

Barua ile ilizunguka mtandaoni, kwa sababu mimi mwenyewe niliiweka huko. Mwanawe Mama aliiona, akaitia kwenye programu ya kutafsiri ya simu yake, akamsomea mama yake. Kesho yake asubuhi Mama aliniita nje. Alikuwa ameishika simu ya mwanawe kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika chombo cha udongo. Akanionyesha picha.

“Huyu ni mimi?”

Nikamjibu ndiyo.

Kwa sauti ya mwanawe, aliyekuwa akitafsiri bila kunitazama, akaniambia kwamba siku ile ilikuwa siku aliyokufa mumewe, miaka mingi iliyopita. Tulipokuwa tukiomba alisikia sauti za vijana ndani ya nyumba ile, na ilikuwa imepita miaka bila nyumba kusikia maombi ya watu wengi. Alikumbuka jinsi mumewe alivyokuwa akiomba. Alilia kwa kumkumbuka, na pia kwa furaha. Hakuwa amekata tamaa. “Mwanangu,” akasema, “mbona hukuniuliza? Ungeniuliza kwanza, ningekwambia.”

Hakukasirika. Angekasirika, pengine ingekuwa rahisi kwangu. Alimrudishia mwanawe simu, akaenda zake kufagia ua.

Tangu asubuhi ile sijaweza kusoma historia ya umisionari kama nilivyoisoma darasani. Tulifundishwa habari za William Carey, mmisionari Mwingereza aliyekwenda India, na ni habari njema kweli. Alifika Bengal mwaka 1793, akamzika mtoto wake, akamwona mkewe akipoteza afya ya akili, na Mhindi wa kwanza kuongoka katika kazi yake, Krishna Pal, hakubatizwa hadi Desemba 1800. Darasani tulimsifu Carey kwa uvumilivu. Mimi sasa nawaza barua. Miaka 7 ni miezi 84. Kwa utaratibu tuliofundishwa, angetakiwa apate uso mmoja na badiliko moja kwa kila mwezi, mara 84, kabla hajabatizwa mtu hata mmoja. Adoniram Judson, mmisionari Mmarekani, naye alifika Burma, yaani Myanmar ya leo, mwaka 1813, akambatiza mtu wa kwanza mwaka 1819. Hebu mfikirie kijana wa leo anayewaandikia wafadhili wake mwezi wa arobaini kwamba bado anajifunza lugha. Wangapi wataendelea kumtegemeza? Na yeye akilijua hilo, ataandika nini?

Hapo ndipo fedha inapoingia, na sidhani tuzunguke. Tunaandika kama tunavyoandika kwa sababu barua na mchango vimefungwa kamba moja. George Müller wa Bristol, Uingereza, aliyetunza mayatima kwa maelfu, alijulikana kwa kukataa kumwomba mtu yeyote fedha. Alichokuwa akifanya ni kutoa taarifa ya kazi kila mwaka. Lakini alielewa kwamba taarifa nayo ina mkono ulionyooshwa. Mwishoni mwa mwaka 1841, walipokuwa na uhitaji mkubwa kwelikweli, aliahirisha mikutano ya taarifa ile, ili watu wasije wakadhani anaitoa kwa ajili ya kuwaeleza shida. Fedha ilipokuwa inahitajika zaidi, yeye alinyamaza. Sitegemei kila kijana wa miaka 21 awe na imani ya namna hiyo, wala silaumu kuomba. Hata Paulo aliwachangisha Wakorintho waziwazi. Ninachoshika kwa Müller ni ule uangalifu wake: alijua maneno ya kweli yanaweza kugeuka chambo kwa sababu tu ya saa yanaposemwa.

Na mojawapo ya ripoti za kwanza kabisa za wamisionari iko kwenye Injili ya Luka sura ya 10. Wale wanafunzi sabini aliowatuma Yesu wanarudi kwa furaha na wanachotaja mara moja ni matokeo: hata pepo wanatutii. Yesu hawakatalii kwamba yametokea, lakini anawaambia wasifurahie hilo. Wafurahi kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Nimehubiriwa sura ile mara nyingi, hasa ile sehemu ya mavuno mengi na watenda kazi wachache. Sehemu ya kurudi sijawahi kuisikia ikifundishwa katika somo la kuandika barua, na ndipo ilipofaa ifundishwe. Sura hiyo hiyo inawaagiza wakae katika nyumba watakayopokelewa, wala wasihamehame. Yaani mmisionari ni mgeni kwanza. Analala kwenye kitanda cha mtu. Mama alikuwa ametupa kitanda chake, na katika barua yangu kitanda hicho hakikutajwa, kwa sababu kingeharibu hadithi: anayesaidiwa angeonekana ndiye anayesaidia.

Katika mkutano mkuu wa umisionari uliofanyika Edinburgh mwaka 1910, Mhindi aitwaye V. S. Azariah, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Dornakal huko India, alisimama mbele ya watu waliokuwa wametuma wamisionari kila pembe ya dunia. Aliwashukuru kwa mali waliyotoa na kwa miili waliyoitoa ife. Kisha akawaambia kwamba pamoja na hayo wanaomba upendo: tupeni marafiki. Zaidi ya miaka 100 imepita. Mimi nilikwenda uwandani nikiwa nimejaa mbinu za kuwafikia watu, na simu yangu imejaa picha zao. Rafiki humwuliza rafiki kwa nini analia.

Basi nasema hivi kwa wanaoendesha mafunzo. Alasiri moja haitoshi. Mfundisheni kijana kwamba asipeleke barua inayomhusu mtu mpaka amemsomea mtu huyo, kwa lugha anayoielewa, na mtu huyo amekubali. Nimeambiwa hili litachelewesha mambo. Litachelewesha kweli, na kuna barua nyingine hazitatumwa kabisa. Picha ya mtu anayelia au kuomba isipigwe. Watoto wasipigwe picha bila wazazi wao kujua picha inakwenda wapi. Na mwezi usio na tukio uandikwe kama mwezi usio na tukio: nimejifunza maneno kadhaa, nimeugua, nimetunzwa.

Nanyi mnaotoa, nawapenda, bila ninyi nisingekwenda. Lakini tuandikieni maswali mengine. Mimi katika miezi yote ile niliulizwa watu wangapi wameokoka. Sikuulizwa hata mara moja, nani anakupikia, nani anakufundisha lugha, umeombewa na nani.

Niliandika barua ya pili. Nilimsomea Mama kwanza, mwanawe akitafsiri, na akanisahihisha mahali pawili. Nilieleza kwamba barua ya kwanza nilimwandika vibaya, nikasema Mama ni nani na anatutendea nini. Niliiondoa ile picha mtandaoni, ingawa najua imebaki katika simu za watu na siwezi kuifuata huko. Mfadhili mmoja alisitisha mchango wake. Alisema kwa upole kwamba anapenda kupanda penye mavuno. Wengine 13 walibaki. Bibi mmoja wa kanisani kwetu alijibu kwa mstari mmoja akiuliza jina la marehemu mume wa Mama, ili siku hiyo ikija tena mwakani aikumbuke.

Nilipompelekea Mama swali hilo, alilitaja jina. Kisha akauliza jambo ambalo katika mafunzo yote sikuwa nimelifikiria: hawa watu wako 13 nao waombewe nini? Sikujua. Nilikuwa nimewaomba fedha na maombi kwa miezi minne na sikujua. Ikabidi niwaandikie mmoja mmoja kuwauliza. Mmoja alikuwa na goti linalomsumbua, mwingine mtoto wake hasemi naye, mwingine alikuwa amepoteza kazi na hakuwa amemwambia mtu, na bado alikuwa akinitumia mchango kila mwezi. Mwanawe Mama aliyaandika yote kwenye karatasi kwa lugha yao, na Mama akaiweka ndani ya Biblia yake.

Nilirudi nyumbani zaidi ya mwaka sasa. Mwezi uliopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwanawe. Mama anasalimu, na anauliza kama lile goti limepona.