Uzamili wa uuguzi na ukunga: kabla ya kuomba Uingereza, soma mtaala wa nyumbani

Tangu nianze kuishi Uingereza, wauguzi wenzangu wa Tanzania huniandikia mara kwa mara wakiomba niwasaidie kutafuta nafasi ya shahada ya uzamili huku. Swali la kwanza karibu kila mara huhusu ufadhili, la pili huhusu visa, na ni wachache wanaouliza watafundishwa nini. Mpangilio huo wa maswali unawapotezea wengi fedha na miaka, ndiyo maana nimeona niandike, hata kama msimamo wangu hautawafurahisha baadhi yao. Naamini kwamba mkunga anayetaka kubobea katika ukunga wenyewe, yule atakayesimama leba saa nane usiku na kuamua la kufanya wakati daktari bado yuko njiani, anapaswa kuomba kwanza nyumbani, na Uingereza iwe chaguo la pili lenye sababu inayoelezeka.

Nianze na jambo ambalo waombaji wengi hawalifahamu. Nyumbani, anayehitimu stashahada au shahada ya kwanza kwa kawaida hutoka akiwa amesomea uuguzi na ukunga kwa pamoja, na ndiyo sababu mtu yuleyule huweza kupangiwa wodi ya upasuaji mwezi huu na wodi ya wazazi mwezi ujao. Uingereza haiko hivyo. Baraza la huku, Nursing and Midwifery Council, ambalo wengi huliita NMC, huwaweka wauguzi na wakunga katika sehemu tofauti za daftari lake la usajili, na anayetaka kuingia sehemu zote mbili hupimwa kwa kila sehemu peke yake. Kwa waliosomea nje ya nchi, kipimo hicho kina mtihani wa kompyuta unaoweza kufanyiwa nje ya Uingereza, kisha mtihani wa vitendo unaofanyika hapa hapa, pamoja na ushahidi wa Kiingereza. Anayetumia mtihani wa Kiingereza wa IELTS hutakiwa kupata alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Shahada ya uzamili haichukui nafasi ya hatua hizo. Mtu anaweza kuhitimu uzamili hapa kwa alama za juu kabisa na bado asiruhusiwe kumpima mama mjamzito hata mara moja, kwa kuwa jina lake halimo katika daftari.

Utata huongezeka kwa sababu kozi zenye majina yanayofanana hukusudiwa watu tofauti kabisa. Ipo shahada ya uzamili ya kumwandaa mtu aliyesoma jambo jingine, kwa mfano baiolojia au saikolojia, ili awe muuguzi au mkunga kwa mara ya kwanza. Hiyo ina mafunzo mengi ya wodini, lakini kwa mtu ambaye tayari ni mkunga ni kurudia mwanzo. Ipo ya utendaji wa ngazi ya juu, ambayo kwa kawaida humtaka mwombaji awe amesajiliwa NMC na awe ameajiriwa mahali ambapo mwajiri atampa msimamizi wa kumfundisha kazini. Tena ipo ile iliyo wazi kwa wanafunzi wa kimataifa, inayofundishwa darasani na maktabani na kumalizikia kwa tasnifu, ambamo wodi huonekana kwa ziara fupi ya kutazama au haionekani kabisa. Wengi wetu huishia katika hiyo ya mwisho. Siidharau, kwa kuwa nimeisoma na imenifundisha kusoma ripoti ya utafiti kwa jicho la kuhoji, kutofautisha ushahidi na mazoea, na kuandika hoja inayosimama. Hata hivyo, mikono yangu ya ukunga haikuongezewa kitu, na anayeomba anapaswa kulijua hilo kabla ya kulipa ada.

Sasa tutazame nyumbani. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, kina shahada za uzamili za uuguzi, zikiwamo ya wagonjwa mahututi na majeruhi, ya afya ya akili, na ya ukunga na afya ya wanawake. Masomo ni ya miaka miwili, mwanafunzi huandika tasnifu, na hospitali ya kufundishia iko palepale chuoni. Ni Hospitali ya Taifa, mahali ambapo rufaa nzito za uzazi huletwa. Mkunga anayesoma pale atamkuta mama mwenye kifafa cha mimba, mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, mama aliyefika akiwa amechelewa kwa sababu gari la wagonjwa lilichelewa, na atawahudumia huku mwalimu akiwa karibu. Mwanafunzi wa Uingereza hujifunza baadhi ya hayo kwa sanamu ya mafunzo, kwa kuwa ni nadra kuyaona, na ni heri yao kwamba ni nadra. Wanaoishi mbali na Dar es Salaam wanaweza pia kutazama vyuo vya Dodoma na Moshi.

Kuna takwimu mbili ninazopenda waombaji wazijue. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo 556 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Hata tukitilia maanani kwamba makadirio ya namna hiyo yana nafasi ya kukosea kwa kiasi, hiyo ni kazi kubwa mno, na wakunga wa zahanati na vituo vya afya wana sehemu kubwa katika kazi hiyo. Mtu anayetaka kujifunza namna vifo hivyo vinavyopunguzwa ana sababu nzuri ya kusomea mahali ambapo vimepunguzwa, na ambapo vilivyosalia bado vinahitaji akili na mikono yake.

Pamoja na hayo, yapo ambayo vyuo vyetu vinaweza kuyachukua kutoka huku, na la kwanza ni namna mwombaji anavyotendewa. Hapa ukurasa wa kozi hueleza kila somo na uzito wake katika jumla ya krediti 180, hueleza somo gani ni la lazima na namna gani litapimwa, na mwombaji akiandika kuuliza hujibiwa. Hutakiwa aeleze kwa maneno yake kwa nini anataka kozi ile na atafanya nini nayo. Wadhamini wake, yaani wanaoandika barua za kuthibitisha uwezo wake, huandikiwa moja kwa moja na chuo, nao hujibu moja kwa moja. Kwa upande wetu, uzito mkubwa huwekwa kwenye vyeti na wastani wa alama, na mkunga aliyefanya kazi miaka mingi wilayani, aliyepata alama za kawaida alipokuwa na umri wa miaka 22, hana mahali pa kutosha pa kuonyesha alichojifunza tangu wakati huo. Ningependa vyuo vyetu vimuulize. Ningependa pia wahadhiri waliowahi kutufundisha waione barua ya udhamini kuwa sehemu ya kazi yao. Namfahamu mkunga hodari aliyekosa nafasi ya ufadhili kwa sababu mwalimu wake aliahidi barua, akakumbushwa, akaahidi tena, na dirisha likafungwa.

Kuhusu hayo maelezo binafsi, nimesoma mengi ya wenzangu kabla hawajayatuma, na mengi huanza kwa Florence Nightingale, yule muuguzi maarufu wa Uingereza wa karne ya 19, au kwa ndoto ya utotoni ya kuvaa sare nyeupe. Msomaji wa chuo, awe London au Dar es Salaam, hajifunzi kitu kuhusu mwombaji kwa maneno hayo. Anachohitaji ni tatizo ambalo mwombaji amelikuta kazini na amelitafakari. Mmoja wa walioniandikia alieleza jinsi patografu, yaani chati za kufuatilia maendeleo ya uchungu wa kujifungua, katika kituo chake zilivyokuwa zikijazwa baada ya mama kwisha kujifungua, akaonyesha kwamba wakunga wawili wa zamu ya usiku hawakuwa na nafasi ya kuzijaza kwa wakati, na akasema anataka kuchunguza ni taarifa zipi hasa zinazobadilisha uamuzi wa mkunga. Hayo yalikuwa maelezo ya mtu aliye tayari kwa uzamili, na yangemfaa popote alipoomba.

Juu ya gharama sitakaa sana, kwa kuwa ada zenyewe ziko wazi na kila mtu anaweza kuzitafuta. Kwa mwanafunzi wa kimataifa, ada ya mwaka mmoja wa uzamili katika vyuo vingi vya Uingereza hupita pauni 20,000. Huongezwa malipo ya huduma za afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na fedha za kujikimu ambazo ni lazima ziwe zimekaa benki kwa siku 28 mfululizo kabla ya kuomba visa. Wakati wa muhula mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki, na wengi huzimaliza saa hizo katika nyumba za kutunzia wazee, kisha hurudi kuandika kazi za darasani usiku.

Linaloniuma zaidi ni la familia. Tangu Januari 1, 2024, mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani haruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto, isipokuwa wachache, kama vile wanaofadhiliwa na serikali au wanaosoma kozi za utafiti. Wakunga wetu wengi hufikia uzamili wakiwa tayari wana watoto wadogo. Mwaka mmoja unaonekana mfupi kwenye fomu, lakini kwa mama aliyemwacha mtoto wa miaka miwili kwa bibi yake si mfupi, na mimi nimekaa na wanawake wa namna hiyo wakilia simu inapokatika. Anayeamua kuja aje, ila aliamue jambo hilo pamoja na walio nyumbani, mapema, kabla ya barua ya udahili kuwafunga wote.

Wapo pia wanaoomba uzamili kama mlango wa ajira ya huku. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yenye nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kwa sababu hiyo Uingereza imejiwekea kanuni ya kutowafuata wauguzi wetu na kuwashawishi kuondoka, ingawa mtu binafsi anaweza kuomba kazi kwa hiari yake. Simlaumu anayetaka kazi huku, nami mwenyewe nafanya kazi huku. Namsihi tu kwamba kama lengo ni ajira, afuate njia ya usajili wa NMC moja kwa moja, kwa kuwa kulipa makumi ya maelfu ya pauni kwa shahada isiyompa usajili ni hasara kubwa, na wapo mawakala wanaoificha habari hiyo kwa makusudi. Kwa anayelenga utafiti au sera za afya ya uzazi, mambo ni tofauti: vyuo kama London School of Hygiene & Tropical Medicine na Liverpool School of Tropical Medicine vina historia ndefu na walimu wanaozijua nchi zetu, na ufadhili wa Chevening, ambao ni wa serikali ya Uingereza, au wa Jumuiya ya Madola humlipia mtu kwa sharti la kurudi nyumbani, sharti ambalo naliona la haki.

Lipo pingamizi moja dhidi ya msimamo wangu ambalo siwezi kulikwepa. Uingereza, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ina nafasi za wauguzi na wakunga washauri ambao hubaki na wagonjwa huku wakiongoza, wakifundisha na kufanya utafiti, na wauguzi na wakunga waliopata mafunzo ya ziada husajiliwa kuandika dawa wenyewe. Elimu ya juu huku inaweza kumweka mtu karibu zaidi na kitanda cha mgonjwa. Kwetu, mara nyingi mno, mkunga anayerudi na uzamili hupelekwa chuoni kufundisha au ofisini kusimamia ratiba za zamu, au hurudishwa wodi ileile kwa majukumu yaleyale, kana kwamba miaka miwili ile haikuwapo. Kufundisha ni kazi muhimu na tunahitaji walimu, lakini wodi za wazazi za hospitali za mikoa zinawahitaji wakunga hao zaidi, tena wakiwa na cheo kinachotambua ujuzi wao na mamlaka ya kuamua.

Hadi nafasi hizo ziwepo rasmi, mwombaji anaweza kuanza kuzidai mwenyewe. Aliyeajiriwa serikalini hawezi kuondoka bila ruhusa ya masomo, na kwa hiyo ni lazima azungumze na mwajiri kabla ya kutuma maombi. Katika mazungumzo hayo asiishie kuomba ruhusa na mshahara wake uendelee. Aeleze kwa maandishi ni tatizo gani la wodi anakwenda kulisomea, aombe kufanyia tasnifu yake katika hospitali yake pale taratibu zinaporuhusu, na amwombe mganga mfawidhi na muuguzi mfawidhi waandike atapangiwa kazi gani akirudi. Kwa anayesoma Muhimbili, Dodoma au Moshi, hilo linawezekana zaidi kuliko kwa aliye Manchester, kwa kuwa wasimamizi wake wanaweza kufika wodini na kuona anachofanya, na utafiti wake utawahusu akina mama walewale atakaowahudumia akihitimu.