Kaburi tumechimba, marehemu wameingia wenyewe

Kuku wa mayai akitoka kwenye keji, vile vizimba vya waya, ukimwona mara ya kwanza utadhani kuna mtu alianza kumnyonyoa akapigiwa simu katikati ya kazi. Shingo uchi, mgongo uchi, makalio mekundu yanang'aa, mkiani vimebaki vijiti viwili vitatu basi. Kilemba sasa, kikubwa, kimepauka, kimemlalia jicho moja. Ncha ya mdomo ilishakatwa tangu utotoni ili wasidonoane, kwa hiyo hata kuokota punje moja chini ni shughuli ya dakika nzima. Sisi tulichukua sita wa hivyo, kwa hiari yetu, bila kutishwa na mtu.

Ilikuwa hivi, kuna jamaa ana banda kubwa, kuku wake walishafika wiki 72, na kwa wafugaji wa biashara hapo ndo safari inaishia maana mayai yanapungua na maganda yanaanza kuwa mepesi, yani kuku aliyekutagia karibu mayai 300 kwa mwaka leo anahesabiwa hasara ya chakula. Baba watoto kusikia hivyo roho ikamuuma. Akarudi na maboksi. Akanipa na masharti kabisa, eti wasibebwe kwa kuning'inizwa miguu, washikwe kwa mikono miwili, sababu kalsiamu ya maganda yote hayo nyingine imetoka kwenye mifupa yao na mifupa yenyewe inavunjika kirahisi. Mimi mgongo unaniuma mwaka wa ngapi huu hajawahi kunibeba kwa mikono miwili, lakini tuendelee.

Maboksi yakafunguliwa, hakuna aliyetoka. Tukayalaza ubavu, hakuna aliyetoka. Mwisho tukawamwagia nje taratibu, wakasimama kwenye majani wananyanyua mguu mmoja mmoja juuu halafu wanautazama, kama wanauliza hiki kitu kinachonitekenya ni nini. Maji tumeweka kwenye beseni wanapita pembeni, wamejipanga ukutani wanagonga kichwa cha msumari. Wanagonga, wanasubiri, wanagonga tena. Nikasema hawa wana wazimu, kumbe kule kwenye keji maji yanatoka kwenye vichuchu vya chuma, ukidonoa linadondoka tone, kwa hiyo wao beseni hawalijui ila msumari wanaujua. Ilibidi niwe nagonga maji kwa kidole, to to to, mpaka mmoja akaelewa ndo wengine wakaiga. Chakula ni mashi tu, ule unga wa kuku, kingine chochote ni adui. Nilirusha jani la kabichi wakakimbia wote sita wakajibana kwenye kona, jani limekaa pale katikati ya uwanja limeshinda vita peke yake.

Na jioni ndo usiseme. Kule taa zinawaka masaa 16, zikizimwa ni usiku, hakuna habari ya jua kuzama. Sasa hapa kwetu giza linaingia polepole wao wamesimama tu wanangoja mtu azime swichi. Kichanja cha kulalia kipo, mlango wa banda uko wazi, hawana habari. Kwa hiyo kila jioni ilikuwa ni mimi na baba watoto tunawabeba mmoja mmoja, kwa mikono miwili, tunawapandisha kitandani.

Mama mkwe alikuja kutusalimia katika kipindi hicho. Amekaa zake barazani, Kipara (huyu ndo alikuwa uchi kuliko wote) akapita mbele yake. Mama akaruka. "Mama nanihii! Kuku wako katoka kwenye sufuria!" Nikamwambia hapana mama, huyu ni mzima, yuko hivyo tu. Akamwangalia, akaniangalia mimi, akamwangalia tena. "Yuko hivyo tu," akarudia, kwa sauti ile ya mtu anayeweka maneno akiba atakuja kuyatumia baadaye.

Hakusubiri sana.

Kesho yake jua lilikuwa kali, ardhi imekauka safi. Mimi nafua. Kuku wako nje na nilikuwa na raha zangu maana jana yake jioni hatimaye walilishinda lile kabichi, wamelila mpaka mshipa wa katikati. Nageuka kuanika shati, namkuta Kipara chini. Amelala ubavu, bawa moja limetandazwa lote ardhini, mguu umenyooka nyuma, shingo imepinda upande, mdomo uko wazi kidogo, na jicho limefunikwa na kile kigozi cheupe. Nikaita Kipara! Kimya. Nikapiga makofi, kimya. Nimesimama hapo na shati linachuruzika maji, nikamwona na Mkaguzi, huyu tulimwita hivyo kwa kuwa hapitwi na kitu lazima akitazame kwa jicho moja kwanza, anapepesuka, anainama, pu, kalala. Akafuata wa tatu.

Nikapiga ukunga.

Ng'ambo ya ua kuna mzee jirani yetu, amefuga kuku wa kienyeji tangu mimi sijazaliwa, ni mtu unayemuuliza ukiwa na shida ya mfugo. Nikakimbilia ua. Lakini ni mzee, huwezi kumvamia tu.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba mwanangu. Hawajambo hapo?"

"Hawajambo mzee, ila kuku wanakufa!"

"Ala. Shingo imepinda?"

"Imepinda."

"Mabawa yameshuka?"

"Yako chini kabisa mzee."

"Hebu angalia kinyesi. Cha kijani?"

Nikaenda kuangalia. Kijani, jamani. Kijani cha kuonea mbali. Wakati huo habari ya kabichi imeshanitoka kichwani, mtu una maiti tatu mbele yako utakumbuka menyu ya jana?

"Kijani mzee!"

Mzee akavuta pumzi. "Kideri hicho."

Anayefuga kuku anajua neno hilo likitajwa watu hawakai chini. Wengine wanakiita mdondo, na kikiingia kwenye banda lisilochanjwa kinaweza kufagia wote. Mimi nikataka kusema lakini hawa walishachanjwa kule walikotoka, mzee hata hanisikilizi, ameshaanza kurudi nyuma kinyumenyume, eti nisimsogelee, kideri kinasafiri kwa ndala. Ukweli kinasafiri hata kwa ndala, hapo simlaumu. Akapotea, akarudi na jembe, akalirusha juu ya ua likatua kwenye maji yangu ya kufulia. "Chimbeni shimo refu! Wafukieni kabla mbwa hawajafika! Na majivu mwageni humo!"

Baba watoto alikuwa amelala. Akatoka na singlendi hajui aanzie wapi, nikamwonyesha tu kwa mkono, akaona zile maiti tatu zimejipanga juani, akashika jembe bila neno. Alichimba kwa uchungu yule. Mzee anapiga kelele kutoka kwake, "Ongeza kina! Hawapandwi hao, wanazikwa!" Mimi naleta majivu ya jikoni kwa beseni. Mama mkwe naye katoka, mikono kiunoni. Zile akiba za jana akazitoa zote. "Nilisema. Mimi nilisema. Kuku hana nguo, mkaniambia yuko hivyo tu."

Shimo likafika magotini. Majivu yakamwagwa, udongo umekuwa laini, mkavu, unatimka vumbi. Bonge moja la udongo likaruka likamgonga Kipara mbavuni.

Marehemu akafungua jicho.

Akanyanyuka. Akajikung'uta, akaja taratibu mpaka ukingoni mwa kaburi, akachungulia kwa jicho la kulia, akachungulia kwa la kushoto, akatumbukia. Hakuna aliyepumua. Mkaguzi naye huyo. Yule wa tatu huyo. Halafu wale watatu ambao walikuwa wazima kabisa na hawakuwa hata kwenye orodha ya msiba, nao wakaja mbio wakaingia.

"Wamejua," mama mkwe akasema kwa sauti ya chini. "Mnyama huwa anajua siku yake."

Mle shimoni Kipara akajibwaga. Akaanza kuparua udongo kwa miguu, anapiga mabawa, anajigeuza huku na huku, anajirushia majivu mgongoni, kichwa anakisugua chini, mguu mmoja unapiga teke hewani. Wote sita. Lile shimo lilikuwa linachemka. Sasa kuku mwenye manyoya akifanya hivyo labda utaona vumbi na manyoya tu, ila huyu uchi wote, unaona kila msuli unavyocheza, ile ngozi nyekundu imepakaa majivu inageukageuka... mama mkwe akapiga yowe, "Degedege!"

Baba watoto amesimama juu yao, jembe limejaa udongo, jasho linatiririka. "Nifukie au nisubiri?"

"Subiri!"

"Niliambiwa nifukie."

"Wako hai!"

"Basi mi nimeshachimba, atakayebaki humo shauri yake."

Mzee kule anauliza vipi, wamekwisha? Hakuna wa kumjibu. Ikabidi aende ndani akafuate miwani, ndo kwanza siku hiyo anaivaa, akapanda juu ya jiwe, akashika ua kwa mikono miwili. Alitazama muda mrefu sana.

"Hao wanaoga."

"Wanaoga?"

"Wanaoga vumbi. Na kule kulala walikuwa wanaota jua."

"Sasa mzee wewe si una kuku miaka yote?"

"Wangu wana manyoya," akasema, akashuka kwenye jiwe. "Nimezoea kuwaona wamevaa."

Na tena vumbi kavu lenye majivu ndo bafu lenyewe kabisa la kuku, linakausha mafuta yaliyozidi kwenye manyoya na linasumbua utitiri, kwa hiyo tungeambiwa tuwatengenezee bafu tusingelifanya zuri kama lile kaburi. Kinachonishangaza mimi ni kwamba hawa hawakuwahi kugusa udongo maisha yao yote, na hakuna aliyewafundisha. Kuku wa keji hata pale juu ya waya huwa wanajaribu, wanajilaza wanajirushia vumbi ambalo halipo. Maji kwenye beseni hawayajui, jua kuzama hawalijui, kuoga wanajua.

Jembe mzee alilichukua mwenyewe, akalifuta vizuri, na ndala zake akaziosha kwa sabuni ingawa hakuvuka ua hata hatua moja. Tulitaka kulifukia lile shimo tukashindwa, kila ukiweka koleo kuna kuku ndani anakutazama. Lina foleni kabisa, Mkaguzi wa kwanza, Kipara wa mwisho anasubiri pembeni. Manyoya yameota, mapya, ya kahawia, na jina la Kipara halimfai tena ila ndo analoitikia. Mama mkwe alipokuja tena akawakagua wote, akasema sasa hapo sawa, wana adabu.

Shida iliyobaki ni moja, kuna ambaye hataki kiota, akimaliza kuoga anataga humohumo shimoni. Mama mkwe kagoma, yai lililotoka kaburini yeye hali, yanayotoka kwenye kiota anakula. Sisi tunayaosha yote tunayachanganya kwenye bakuli moja, na hajawahi kuuliza.