Usaili wa Korido

Mzee alitaka CV. Mimi ni fundi tailizi, nimepiga magoti kwenye sakafu za watu tangu sijaota ndevu, na hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi. Mtu anakwenda kuona kazi yako ya mwisho, mnapatana bei kwa mita, unachanganya mchanga. Huyu akanitumia ujumbe: barua ya maombi, CV, picha mbili za pasipoti na wadhamini wawili. Dada wa steshenari akaniuliza kwenye mambo ninayopenda aandike nini. Nikamwambia andika kulipwa. Wadhamini nikamweka imamu wa mtaani kwetu na muuza hadiwea mmoja ambaye ananidai, kwa sababu huyo ananitakia kazi kuliko hata mama yangu mzazi.

Ilikuwa 2017, vyuma vimekaza. Pesa za mashirika ya umma zilishatolewa kwenye mabenki ya biashara zikapelekwa Benki Kuu, semina za hotelini zimepigwa marufuku, serikali inahamia Dodoma. Sisi huku chini tuliona saiti zinasimama moja baada ya nyingine, na mafundi wa maghorofa ya Posta, katikati ya Dar, wanashuka mitaani kugombea vyoo vya Mbagala na sisi. Bei ya kulaza tailizi ikaanguka kutoka elfu saba kwa mita hadi elfu nne, na bado mwenye nyumba anakuambia kuna kijana kasema tatu. Na kipindi hicho hicho ndipo viwanda vya tailizi vya Mkuranga na Chalinze vinaanza kutoa mzigo. Tailizi zikasogea karibu, wenye nyumba wakakimbia.

Kwa hiyo nilipoitwa Goba kwenye usaili, nilikwenda. Daladala tatu, mashine ya kukatia nimeipakata, konda akaitoza nauli kwa hoja kwamba imezuia abiria asikae.

Mzee alikuwa mstaafu wa ofisi fulani ya rasilimali watu, na ofisi ilikuwa haijamtoka. Amekaa nyuma ya meza ya plastiki, kalamu mbili mfukoni. Mimi nikapewa ndoo ya rangi iliyofunikwa nikalie.

"Kijana wangu, baada ya miaka mitano unajiona wapi?"

"Sakafuni, mzee."

Akaandika. Akaniuliza udhaifu wangu ni upi. Nikasema magoti. Akaandika tena, akapiga mstari chini yake.

Halafu ndipo ikaja yenyewe. Kuna hatua ya pili, akasema, usaili wa vitendo. Nilaze korido. Vifaa vyake, nguvu zangu. Nikauliza malipo. Akanitazama kwa huruma. "Jaribio halilipwi. Watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa mwaka 2014 kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Uliwahi kusikia wamelipwa?" Kweli sikuwahi kusikia. Lakini pia sikusikia kwamba walipakwa saruji. Atakayefaulu, akaendelea, anapewa nyumba nzima, nje na ndani, na ukuta wa jikoni. Nyumba nzima! Nilipiga hesabu ya kodi ya chumba changu hapo hapo kwenye ndoo, nikasema sawa.

Sasa korido ndiyo mahali pabaya kuliko pote kumpa mtu bila maelezo, maana kila chumba kinafungukia humo. Lazima ujue sakafu ya kila chumba imekaa wapi. Fundi mwenye akili anavuta levo, yaani usawa wa sakafu, kwa paipu ya maji, anapiga mstari wa mita moja ukutani nyumba nzima, ndipo anagusa saruji. Lakini Mzee alikuwa amepigilia plaiwudi kwenye kila fremu ya mlango, hadi chini, na upenyo uliobaki kauziba kwa mifuko ya saruji.

"Mzee, naomba nione levo ya vyumba."

"Hilo ni swali la mtihani. Msimamizi hajibu."

"Mzee, si la mtihani, ni la maji."

"Muda unakwenda, fundi."

Saidia fundi wangu akaninong'oneza, "Kaka, huyu akizeeka zaidi atatufunga vitambaa machoni." Tukachukua levo ya kizingiti cha mlango mkubwa, tukavuta paipu, tukalaza. Nasema bila aibu: ile korido ilinyooka. Ukiweka gololi inakaa inakusubiri. Mzee akaja na fomu. Usafi, mistari, kasi, heshima kwa mwajiri. Akanipa 78 kati ya 100, akanishika mkono, akasema atanipigia. Nilipompigia mimi, akanijibu kwamba matokeo yanachakatwa.

Nilikuja kujua mambo kwa muuza hadiwea, nilipokwenda kumpunguzia deni. Palikuwa na fundi mmoja mtu mzima analalamika kwamba kuna usaili ameufanya Goba, amelaza choo na bafu bure, amepewa 78, simu haipigwi. Nikamwangalia. Kijana aliyekuwa anapima misumari akageuka: "Goba ya kwa yule mzee wa kalamu mbili? Mimi sebule. 78." Muuza duka alicheka mpaka akakaa kwenye mfuko wa saruji. Baadaye tukampata wa jikoni, wa chumba kikubwa, wa vyumba vya watoto. Darasa zima tumepata 78.

Tulikuwa bado tunapanga tumfanye nini, simu yangu ikaita. Mzee. Sauti imekosa vitengo na idara. "Fundi, njoo. Njoo sasa hivi."

Kumbe kila mmoja alikuwa amepigiwa kivyake. Tulikutana getini, kila mtu na paipu yake begani. Mkewe alikuwa amehamia siku mbili nyuma kutoka Iringa. Tulimkuta katikati ya korido, kanga ameikunja magotini, anasukuma maji kwa ndoo na dekio.

Kila fundi alikuwa ameanzia levo pale alipoona panafaa. Wa sebule alifuata dirisha. Wa bafu alifuata bomba la maji machafu, ambalo fundi bomba (naye alikuwa msailiwa) aliliweka juu. Kwa hiyo bafu lilikuwa juu ya korido vidole vinne, sebule vitatu, jikoni kulikuwa na kilima. Mtu akioga, maji yasiyowahi tundu yanateremka kwangu. Na kwangu yakifika yamefika, maana korido imenyooka kiasi kwamba maji hayajui pa kuelekea. Yametulia, kina kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilijisikia fahari, nikanyamaza.

Milango nayo. Msailiwa wa milango alipimia kutoka koridoni, akafunga ya mbao ngumu, yote inafungukia ndani. Ilipokutana na sakafu za vyumba ikagota. Mzee aliingia chumbani kwake ubavu ubavu, na tumbo la mstaafu mnalijua.

"Nani kati yenu kakosea levo?" akauliza.

Tukatoa paipu. Nyumba nzima ikawa mipira, watu wanapiga kelele "shusha!", "pandisha!", na kila mmoja akathibitisha kwamba yuko sawa.

"Basi," Mzee akasema, akitafuta kalamu, "tuanze na jaribio dogo la kuvunja..."

"Baba Nanihii!" Mkewe aliachia dekio. "Hawa watu uliwalipa?"

Kimya. Yule fundi mtu mzima wa bafu akasogeza ndoo ya rangi, akaikung'uta vumbi, akamwonyesha Mzee kwa adabu zote. "Karibu ukae, mzee. Una uzoefu gani wa kulipa mafundi? Wadhamini wako ni kina nani?"

Mzee akamtazama mkewe.

"Mimi simdhamini," mama akasema, akaenda kutafuta simu yake.

Alitulipa yeye, kazi ya mwanzo yote kwa elfu sita ya mita, na nusu ya kazi mpya kabla nyundo haijagusa chini. Ujumbe wa pesa ulipoingia kwenye simu za watu wote tukaanza na sebule. Mzee akatufuata, akasimama nje ya mlango maana kuingia ilikuwa kazi.

"Fundi. Kuvunja nako ni kwa mita?"

"Kwa mita, mzee."