Nilisema Ufunge

Kwa miaka miwili ya umisionari wangu nilikuwa Mzee. Beji nyeusi kifuani ndiyo iliyosema hivyo: jina la kanisa letu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (watu wanatuita Wamormoni, tunaitika), pamoja na MZEE na jina la ukoo. Nilikuwa na miaka 19 na ndevu tatu. Babu, mlinzi wa jengo letu la ibada kule Temeke, alikuwa amepita sabini, na alikuwa ananiita Mzee kwa heshima zote huku mimi namwamkia shikamoo. Mtu akitusikia kwa mbali hajui nani kamzaa nani.

Mimi ni mtu wa Kakamega. Nilipoitwa kwenda kuhudumu Tanzania nilijisemea upande wa lugha sina kazi. Wiki ya kwanza nikamwambia mama mwenye nyumba kwamba mfereji wetu umeziba, hautoi maji. Akatoka nje na jembe. Kumbe Dar mfereji ni mtaro. Kile kinachotoa maji ni bomba, na ukitaka kulifunga unafunga koki. Nilichekwa mtaa mzima, na tangu siku hiyo nikaweka nadhiri: neno nisilo na uhakika nalo, naliruka.

Mwenzangu alikuwa kijana wa Utah. Kiswahili alikitoa kitabuni, na alikuwa na uwezo wa kusimama sokoni akamuuliza muuza nyanya, "Je, nyanya hizi zauzwaje?" mpaka fungu linaongezwa kwa huruma. Mmisionari haendi popote bila mwenzake, isipokuwa chooni. Kwa hiyo popote alipokuwa anasema, mimi nipo pembeni natafsiri Kiswahili kwenda Kiswahili, na kichwa kinanivimba.

Wakati huo tulikuwa tunamfundisha mama lishe mmoja mwenye kibanda jirani na kanisa. Alipokea kila somo vizuri, tukafika Neno la Hekima: pombe hapana, sigara hapana, kahawa hapana, chai hapana. Akaangalia sufuria lake la chai ya rangi, akatuangalia sisi. "Kunywa nitaacha," akasema. "Kuuza nauza. Watoto wanasoma." Tarehe ya ubatizo ikapangwa, Jumamosi saa nne asubuhi.

Alhamisi tukampa Babu habari hiyo. Mwenzangu akamweleza kwamba sisi tunafunga Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, ila mtu anaweza kufunga siku yoyote akiwa na jambo zito la kuombea, kama vile ubatizo. Babu ni Mwislamu, Ramadhani anafunga tangu utoto. Akauliza, "Na daku?" Tukamwambia hakuna daku, unaruka milo miwili, huli wala hunywi, basi. Babu akatikisa kichwa, akasema huyo mama anamlisha kila siku bila kumdai, na yeye atamfungia. Sisi tukacheka tu tukapita. Hapo ndipo nilipaswa kutega sikio.

Maji mtaa ule yalikuwa ya mgao, yanakuja usiku wa manane yakipenda. Sisi tunabatiza kwa kuzamisha mwili mzima, na mashahidi wawili wanasimama pale kuhakikisha hakijabaki kidole wala pindo la nguo juu. Birika lazima lijae. (Birika la ubatizo, si la chai. Chai nimeshasema.) Ijumaa jioni tukaziba tundu la chini, tukafungua bomba, likatoa upepo. Saa tatu tunatakiwa tuwe tumerudi nyumbani, ni sheria. Nikamwachia Babu ufunguo wa ukumbi, nikaanza kumpa maagizo: "Babu, maji yakija, yakijaa, usisahau kufunga..." na hapo neno lenyewe likanikwama kooni. Koki? Koko? Nikaona jembe linatoka. Nikaliruka. "Usisahau kufunga, Babu."

"Siwezi kusahau," akasema.

Mwenzangu akanivuta shati. "Ngoja nimfafanulie kwamba pindi birika litakapojaa..."

"Usitutie aibu," nikamwambia. "Mzee kaelewa."

Saa kumi na mbili na nusu, muda wetu wa kuamka, simu ikaita. Rais wa tawi, kiongozi wa kanisa letu pale mtaani.

"Mzee, birika mlijaza?"

"Ndiyo, Rais."

"Na barabara mmejaza."

Tulipanda bajaji mwenzangu akiwa na soksi moja. Kona ya kwanza tukakutana na wanawake wenye ndoo kichwani, wanashukuru Mungu kwa sauti. Kona ya pili watoto wanaogelea. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango wa ukumbi kwa utaratibu kabisa, viti vya plastiki ndani vimeanza kuhama kila kimoja na njia yake, na vitabu vya nyimbo vilivyokuwa kwenye boksi sakafuni vimevimba kama maandazi. Babu amekaa getini, macho kayafumba, midomo inamcheza kwa dua.

"Babu! Si nilikuambia ufunge?"

"Nimefunga," akasema, kafumbua jicho moja. "Mlango nimefunga tangu saa tatu ile ile. Na mimi mwenyewe nimefunga."

"Na maji hukuyaona?"

"Nimeyaona. Nikasema Wazee wanajua mambo yao."

"Sasa na ufunguo unao! Mbona hukufungua ukazuie?"

Akanitazama kwa upole wa mtu anayemfundisha mjukuu. "Hukuniambia nifungue, Mzee. Uliniambia nifunge."

Mwenzangu hakusema neno. Aliangalia soksi yake tu. Afadhali angesema.

Mbaya zaidi, alfajiri majirani walimwomba Babu wachote yale ya birikani yenyewe, yanamwagika bure, naye akawafungulia mlango kwa huruma, wakachota wakaondoka, akafunga tena. Koki hakuna aliyeigusa, ila mgao ulikuwa umekwisha. Nilipochungulia birika, maji yalinifika chini ya goti. Hapo unambatiza kuku.

Tukaenda kibandani kumpasha habari mwenye siku yake. Tukamkuta kapanga ndoo sita na maharage yanatokota. Nilipomaliza kumweleza, akashika mdomo.

"Kwa hiyo ubatizo wangu nimeupikia maharage?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akasimama katikati ya njia na sauti yake ile ya kuitia wateja, akatangaza kila aliyechota arudishe. Na wakarudisha! Ndoo kwa ndoo, mama mmoja baada ya mwingine, wengine ndoo haijajaa na macho yanakwepa. Ndoo moja ilikuja na povu. Nyingine ilikuja na jani la mchicha, nikalitoa kwa vidole mbele ya Rais wa tawi, ambaye aliamua kuangalia dari.

Katikati ya kudeki, suruali nimekunja magotini, Babu akaja kunigusa bega. "Mzee, nifungue?" Geti lilikuwa limeanza kujaa watoto. Nikamwambia, "Bado, Babu. Usifungue mpaka nikuambie."

Saa tano na nusu mama lishe akashuka birikani na nguo nyeupe. Nilisali ile sala neno kwa neno, nikamzamisha, mashahidi wakaitikia kwa kichwa mara moja. Mtaa mzima ulikuwa dirishani. Kila mtu alikuwa na hisa zake mle ndani.

Baada ya hapo tukala wali na yale maharage, waumini na majirani pamoja. Mwenzangu akasema maharage hayo "yapendeza mno". Nilikuwa sahani ya pili, saa nane hivi, nilipomwona Babu peke yake getini. Sahani yake iko mapajani, imefunikwa na kawa, hajaigusa.

"Babu, mbona huli?"

"Nakusubiri wewe, Mzee. Uliniambia bado."