Ghorofa Iliyolifunika Bwawa la Monet

Imezoeleka kusemwa kwamba mchoro ni mchoro popote uwekwapo, ilimradi rangi zake hazijaguswa. Anayeshikilia kuwa ipo michoro isiyoweza kuonekana sawasawa isipokuwa mahali ilipotengenezewa huonekana mtu wa maringo, aliyejaliwa nauli ya ndege na sasa anawasimanga wasio nayo. Nadhani mtu huyo haeleweki, na ushahidi wake ulio bora umo katika kumbi mbili za jumba la makumbusho la Orangerie, mjini Paris.

Habari ya mayungiyungi, yale maua ya majini aliyoyachora Mfaransa Claude Monet, inajulikana, kwa hiyo nitaipitia haraka. Mnamo Novemba 1918, siku moja baada ya silaha za Vita vya Kwanza vya Dunia kuwekwa chini, alimwandikia rafiki yake Georges Clemenceau, aliyekuwa waziri mkuu, akiitunukia Ufaransa michoro miwili. Ahadi hiyo ilikua mpaka ikawa michoro minane mikubwa yenye kimo cha takribani mita 2, ambayo urefu wake wote ukiunganishwa hukaribia mita 90, na ambayo ilibandikwa kwa gundi kwenye kuta zilizopinda za kumbi mbili zenye umbo la yai. Monet alishiriki kuamua umbo la kumbi hizo, mpangilio wa michoro ndani yake na mwanga wa jua uliopaswa kushuka kutoka kwenye paa la kioo. Alifariki Desemba 1926, na kumbi zikafunguliwa Mei 1927.

Katika miaka ya 1960 wakuu wa jumba hilo walihitaji nafasi ya kuweka mkusanyo wa Walter-Guillaume, wenye kazi zaidi ya 140 za wachoraji akina Cézanne, Renoir, Matisse na Picasso. Hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wamepata hazina ambayo jiji lolote lingeionea wivu, nao wakajenga ghorofa juu ya kumbi za Monet ili umma upate kuiona. Hakuna aliyeondoa hata chembe ya rangi kwenye mayungiyungi, wala hakuna kipande kilichohamishwa. Hata hivyo jua lilikatika, taa za umeme zikashika nafasi yake, na kwa takribani miaka 40 wageni waliingia, wakatazama, wakatoka wakiamini wameyaona.

Ukweli huu haunitoki akilini. Kama mchoro ungekuwa rangi na kitambaa tu, basi ghorofa ile haikudhuru chochote, na serikali ya Ufaransa haikuwa na sababu ya kuufunga mlango mwaka 2000, kuibomoa ghorofa hiyo, kuchimba vyumba chini ya ardhi kwa ajili ya mkusanyo ule mwingine, na kufungua upya mwaka 2006. Gharama na usumbufu wote ule ulikuwa wa kurudisha kitu ambacho hakimo ndani ya fremu, yaani mwanga unaobadilika kutoka asubuhi hadi jioni juu ya bwawa lililochorwa na mtu aliyetumia miongo kadhaa akitazama jinsi mwanga huo huo unavyobadilika juu ya bwawa lake la kweli kule Giverny. Fundi aliyeona kazi yake mwenyewe kwa shida, kwa sababu ya mtoto wa jicho, alihesabu jua kuwa sehemu ya vifaa vyake.

Suala la ukubwa nalo lina hesabu yake, na ni hesabu rahisi. Mchoro mrefu kuliko yote mle ndani, ule wa mierebi miwili, una mita 17. Uutazame kwenye kioo cha simu chenye urefu wa sentimita 15, nao utakuwa utepe wenye kimo kisichofika sentimita 2. Mkono wa mchoraji, uliopita pale kwa mapigo mapana ya brashi, hauonekani tena. Kinachopotea zaidi, hata hivyo, ni mwili wa mtazamaji: ukumbini ukuta unakuzunguka, kwa hiyo hakuna pa kusimama ukaushika mchoro wote kwa jicho moja, na inakubidi ugeuke, utembee, ukae, kisha usahau ulianzia wapi.

Upande wa pili una hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni ya haki. Wengi wanaosoma maneno haya hawatafika Paris, na viza ni kizuizi hata kwa mwenye nauli. Kwao picha ya simu, au onyesho linalomulika mayungiyungi kwenye kuta za ghala, ni bora kuliko kukosa kabisa, na sioni sababu ya kuwadharau wanaofurahia hayo. Wala si kila mchoro unadai mahali pake. Edward Saidi Tingatinga, jijini Dar es Salaam, alichora kwenye mbao nyepesi ili mnunuzi aondoke nazo, na safari haizipunguzii kitu.

Hoja ya usalama hainishawishi sana. Ni kweli kwamba kilichogundishwa ukutani hakiwezi kukimbizwa, na mwaka 1944, Paris ilipokuwa ikikombolewa, makombora yaliliangukia jengo lile. Lakini mchoro mwingine mkubwa wa mayungiyungi, uliovuka bahari hadi jumba la sanaa ya kisasa la New York, uliteketea kwa moto mwaka 1958.

Ninalolikataa ni ule urahisi wa kuziita picha za simu na za kuta za ghala kitu kile kile na mchoro wenyewe. Zile kazi za Cézanne na Renoir zilipoteremshwa chini ya ardhi hazikudhurika, kwa kuwa zilitengenezwa ziweze kutundikwa nyumbani kwa yeyote na kuangaziwa kwa taa yoyote. Katika kumbi zilizo juu yake, wingu likipita mbele ya jua, bwawa lililo ukutani hufifia, na mgeni mwenye haraka hudhani kuna hitilafu ya umeme.