Uchorongaji hauendi popote

Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai vipima mvutano vipya vya atomi zilizopozwa kwa leza, vinavyopima tofauti ndogo za nguvu ya uvutano wa dunia ili kujua kilichomo ardhini, vitamaliza kazi ya kuchoronga, yaani kutoboa ardhi ili kutoa sampuli za mwamba. Hapo ametia chumvi. Uzuri wake uko kwingine: kifaa hulinganisha makundi mawili ya atomi, moja juu ya jingine, kwa wakati mmoja, hivyo mitikisiko ya malori, hata ya hatua za mpimaji mwenyewe, hujifuta. Ndivyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walivyolibaini handaki lililofukiwa, matokeo yakachapishwa 2022. Hatua kubwa, sikatai. Ila vipimo safi haviondoi utata wa zamani: mwamba mpana ulio karibu na uso wa ardhi waweza kutoa ishara ileile ya mwamba mzito ulio kina zaidi. Anayebishana na hilo alete sampuli ya mwamba.