Knights, Kombe la Memorial na nafasi ya mwenyeji

Juni 1, 2025, mjini Rimouski, Kanada, London Knights, klabu ya mji wa London ulioko Ontario, waliwafunga Medicine Hat Tigers 4-1 na kubeba Kombe la Memorial, taji kuu la hoki ya barafuni ya vijana Kanada. Lilikuwa la 3 kwao, baada ya 2005 na 2016. Njiani walitetea ubingwa wa ligi ya Ontario, OHL, wakipoteza mechi 1 tu kati ya 17 za mtoano. Msimu wa 1995-96 klabu hii ilishinda mechi 3 kati ya 66. Mambo yalianza kugeuka ndugu wawili, Mark na Dale Hunter, walipoinunua mwaka 2000.

Makombe yangeweza kuwa mengi zaidi kama si kanuni moja. Mashindano haya yana timu 4, zinazokutana kwanza katika kundi moja: mabingwa wa ligi 3 za vijana, OHL ikiwa mojawapo, na mwenyeji, ambaye tangu 1983 anaingia hata akiwa ameng'olewa mapema kwenye ligi yake.

Knights wameionja kanuni hiyo vibaya. Mwaka 2012 walifungwa fainali na wenyeji Shawinigan, 2-1 katika muda wa nyongeza. Mwaka 2017 waliwatoa Windsor raundi ya kwanza ya mtoano wa OHL kwa mechi 7. Windsor wakakaa zaidi ya siku 40 bila mechi, kisha, wakiwa wenyeji, wakabeba kombe bila kupoteza hata mara moja. Na 2024 waliwatoa Saginaw kwenye ligi, wakakutana nao tena fainali ya kombe huko Saginaw na kulala 4-3.

Wanaoipinga kanuni wana hoja nzito. Bingwa hufika akiwa amecheza mechi zaidi ya 60 za msimu na hatua 4 za mtoano, kila moja ikiweza kufika mechi 7. Wachezaji wana mabega na magoti yaliyochoka, ilhali majeruhi wa mwenyeji wamepata muda wa kupona.

Lakini mapumziko hukata kuwili. Mwaka 2014 wenyeji walikuwa Knights wenyewe, wakiwa wametolewa na Guelph raundi ya pili. Walipoteza mechi zote 3. Mazoezi hayakupi kasi ya mechi: miguu ni mipya, ila pasi inachelewa. Tena klabu huomba uenyeji kwa kuwa ina uhakika wa kucheza. Bila uhakika huo, nani atauza tiketi za juma zima? Ikishaupata, Januari huzipa klabu nyingine vijana wake na zamu zake za kuchagua chipukizi ili kupata wachezaji wazoefu wa miaka 19 na 20. Kwa hiyo mwenyeji mara nyingi ni timu nzuri kweli.

Mimi ningeibakiza nafasi hiyo kwa sharti moja. Kiongozi wa kundi huenda fainali moja kwa moja. Mwenyeji asiye bingwa wa ligi asipewe njia hiyo, acheze nusu fainali. Sharti hilo lingewagusa Windsor 2017 na Saint John 2022. Knights lisingewaokoa: Shawinigan na Saginaw wote walipitia nusu fainali. Mwaka 2024 Knights ndio waliongoza kundi kwa ushindi wa mechi 3, na ndio waliopumzika wakati Saginaw wakicheza. Walisawazisha kutoka 0-3 hadi 3-3, kisha wakaruhusu bao zikiwa zimebaki sekunde chache. Kwa fainali hiyo, uchovu si sababu.